Redio si hirizi: maneno yangu kwa wanaovuka bahari

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Najua wapo watakaocheka. Shekhe wa Handeni, mtu wa mahindi na mbuzi, leo anaandika habari za redio ya baharini! Bahari iko wapi Handeni? Nami nawajibu: bahari haipo Handeni, lakini watu wa Handeni wapo baharini. Kila Mfungo Sita vijana wetu wa madrasa wanavuka kwenda maulidini Unguja. Tuna mabinti zetu walioolewa visiwani, tuna wajomba waliozikwa huko, tuna wafanyabiashara wa Korogwe wanaopeleka mizigo na kurudi na karafuu na nguo. Na historia nayo inatukumbusha. Wale Wazigua walioko Mto Juba kule Somalia, wazee wao walipakiwa majahazini katika karne ya 19 wakikimbia njaa ya huku kwetu. Walipanda vyombo vya watu wasiowajua, bila kuuliza swali. Kwa hiyo habari hii ni yetu, tena ni yetu zamani.

Sasa nisikilizeni, maana leo naanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, msimu wa kaskazi, tulipata habari ya msiba Unguja. Tukajikusanya watu wa Handeni na Korogwe, tukashuka hadi pwani ya Pangani, kwenye bandari moja ndogo ambayo sitaitaja. Tulikuwa watu 19: wanaume 12, wanawake 5 na watoto 2. Mimi ndiye niliyekuwa amiri wa safari. Chombo kilikuwa boti ya faiba yenye mashine moja. Majaketi ya kuokolea maisha niliyahesabu kwa macho, nikaona ni 11, nikanyamaza. Hilo la kwanza nitaulizwa.

La pili ni zito zaidi. Kijana mmoja wa Korogwe, fundi wa simu, alimuuliza nahodha: "Kaka, redio ipo?" Nahodha akacheka, akanyanyua mfuko wa nailoni uliofungwa fundo tatu, akasema, "Ipo, hii hapa." Kijana akasema, "Iwashe basi tuisikie." Nikaona anatuchelewesha. Maiti anatungoja, jua linapanda, huyu analeta ufundi wake. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Kijana, mtegemee Mola wako, tuondoke." Akaona haya, akakaa kimya. Watu wakasema amina. Wallahi, ile amina inanichoma mpaka leo.

Tulipofika mahali ambapo Bara imezama nyuma yetu na Unguja bado haijainuka mbele, mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Nahodha akavuta kamba mpaka mkono ukamchubuka. Haikuwaka. Simu zetu zote, na kila mtu alikuwa nayo, hazikuwa na mtandao hata kidogo. Ndipo nahodha akaufungua mfuko wake wa nailoni.

Akaiwasha redio. Ikatoa mlio, taa ikawa inamulika mwekundu. Akabonyeza kitufe akapiga kelele: "Haloo! Haloo! Mashine imetuzimikia huku! Haloo!" Kisha akasubiri jibu. Nasi tukasubiri naye, tumeshika pumzi, watoto wanatapika. Kimya. Akapiga kelele tena, akasubiri tena. Kimya. Baada ya dakika kama kumi betri ikafa, na redio ikawa jiwe.

Tulipepea shuka na kanga mpaka baada ya Alasiri, wavuvi wa mashua wakatuona kwa macho, wakatuburura. Alhamdulillah, hakufa mtu. Lakini tulifika usiku. Maziko yalikuwa yamepita, na yule mama tuliyempeleka akamzike mwanawe hakumwona.

Usiku ule pale msibani alikuwapo mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tagi, zile boti za kuvuta meli bandarini. Akaomba aletewe ile redio. Aliishika kama mkulima anavyoshika jembe lake. Akamuuliza nahodha ilikuwa chaneli gani. Nahodha hakujua, mwanawe aliichezea siku ile ya jana akizungumza na wenzake wa boti nyingine, akaiacha hapo hapo, tena akaiacha inawaka usiku kucha. Mzee akauliza, "Ulipokuwa unasubiri jibu, kidole kilikuwa wapi?" Nahodha akafikiri, akasema, "Kwenye kitufe. Nilikibana ili isikatike." Mzee akatikisa kichwa, akanigeukia mimi: "Shekhe, mlifunga mlango kwa komeo, mkakaa nyuma yake mnamngoja mgeni."

Kwa wasiojua, kama mimi nilivyokuwa sijui: redio hii si simu. Katika simu mnaongea na kusikilizana wakati mmoja. Katika redio ya mkononi, ukibana kitufe wewe ni mdomo tu, huna sikio. Ukikiachia ndipo unapokuwa sikio. Anayebana kitufe na kungoja hawezi kumsikia hata aliye umbali wa kutupa jiwe. Na ubaya hauishii kwake. Kitufe kilichobanwa kinaijaza chaneli ile, na mwingine aliye karibu naye katika dhiki yake sauti yake haipiti. Mtu mmoja kwa kidole kimoja anaweza kuwanyamazisha watu wa bahari nzima iliyomzunguka.

Tangu usiku ule nimesoma, nimeuliza mabaharia, na nimefika kwenye rai ambayo nataka niiseme waziwazi. Redio kwenye chombo cha abiria ni sehemu ya amana ya nahodha, na abiria anayo haki ya kuiona ikiwaka kabla hajalipa nauli. Na redio isiyo na moto, au isiyojulikana matumizi yake, ni hirizi. Nasema hirizi kwa makusudi. Hirizi ni nini? Ni kitu kilichofungwa kwenye mfuko, kinatundikwa chomboni, hakuna anayejua kilichomo ndani, na watu wanaamini kitawaokoa kwa kuwapo kwake tu. Tunawakemea watu wanaofunga hirizi kwenye tezi la jahazi, kisha sisi wenyewe tunapanda boti yenye redio ya mfuko wa nailoni na roho zinatulia. Tofauti iko wapi?

Kuna ndugu alishaniambia, "Shekhe, ajali ni kadari, na aliyekufa maji ni shahidi." Maneno yote mawili ni ya kweli, na yote mawili ameyaweka pasipo mahali pake. Kwamba aliyekufa maji anapata daraja ya shahidi, hiyo ni rehema ya Mola kwa aliyezama. Si ruhusa kwa aliyemzamisha. Ukisababisha kifo cha mtu kwa uzembe wako, yeye kuingia peponi hakukufutii wewe deni lako. Ama kadari, Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa anakwenda Sham akasikia kuna tauni, akageuza safari. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Ndugu zangu, kuchaji betri nako ni kadari. Na yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kamba akidai anategemea, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge kwanza. Mimi yule kijana wa Korogwe nilimkataza kumfunga ngamia, na nilimkataza kwa jina la tawakkul. Nimeshamwomba radhi, na leo namwomba tena hapa mbele yenu.

Sasa tuingie katika redio yenyewe, maana kuhimiza bila kufundisha ni kelele.

Redio ninayoisema ni ile ya mkononi ya baharini, inayoitwa VHF. Wazee wetu wangeiita simu ya upepo. Msiichanganye na zile redio za walinzi wa harusini na kwenye maghorofa. Zile nyingi hazipo kwenye mawimbi ya baharini na zikiingia maji ndio mwisho wake. Ya baharini imetengenezwa istahimili maji, na zipo zinazoelea zikianguka. Ukinunua, uliza yote mawili, kwa sababu kustahimili maji na kuelea ni vitu viwili. Redio isiyoingia maji lakini inayozama itakuwa salama kabisa huko chini kwenye matumbawe, na wewe uko juu.

Chaneli ya 16 ndiyo mama. Ni chaneli ya dharura na ya kuitana, dunia nzima, masafa yake ni megahezi 156.8. Meli inayokwenda Tanga au Dar es Salaam inatakiwa kuisikiliza hiyo. Kwa hiyo redio ikiwaka, ikae 16. Ukitaka kuzungumza na boti nyingine habari zenu za kawaida, mwite hapo kwa ufupi, kisha hamieni chaneli nyingine, kwa mfano 6, ambayo ni ya chombo kwa chombo. Mkimaliza rudini 16.

Hapa nakumbuka ule mfano wa jahazi katika hadithi aliyoipokea Nu'man bin Bashir (R.A.), nayo ipo kwa Bukhari. Watu waligawana chombo kwa kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakawa wanapanda kuchota maji kwa wa juu, wakaona wanawasumbua, wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe. Wakiachwa watoboe wataangamia wote, wakizuiwa wataokoka wote. Miaka mingi nimeuhutubia mfano huu mimbarini, nikiusema kwa habari ya ulevi na riba. Sikujua kama kuna siku nitauona wazi namna hii. Chaneli 16 ni jahazi la watu wote. Anayekaa pale akisimulia mpira, au akimpa mtoto achezee kitufe, anatoboa tundu katika sehemu yake. Atasema redio ni yake, betri ni yake. Ndiyo, lakini maji yakiingia hayachagui.

Na anayetoa wito wa uongo wa kuzama, kwa mzaha au kujaribu kama watu watakuja, huyo ni mwongo aliyewatia wenzake hatarini. Watu wataacha nyavu zao, watachoma mafuta yao, watakuja mpaka pale wakute bahari tupu, na siku ya kweli watasitasita. Sheria za nchi karibu zote zinalihesabu hilo kuwa kosa, na sheria ya Mungu ilitangulia. Kama umetoa wito kwa kukosea, usione haya ukazima redio ukajificha. Rudi hapo hapo 16 useme wito ule umefutwa, mko salama.

Redio hii inafika wapi? Yule mzee alinifundisha kwa mfano ambao mimi mwenyewe, muadhini wa zamani, ulinipendeza sana. Mawimbi yake huenda moja kwa moja kama jicho linavyoona, hayapindi sana kuufuata mviringo wa dunia. Ndiyo maana mnara wa msikiti hujengwa juu, na ndiyo maana redio nayo inataka juu. Watu wawili waliokaa kwenye boti za chini, kila mmoja antena yake iko kama mita mbili juu ya maji, kwa hesabu hawapati zaidi ya kilomita 11 au 12, na kwa kweli ya baharini, mawimbi yakipanda na kushuka, ni pungufu ya hapo. Lakini meli yenye antena mita 25 juu yaweza kukusikia kilomita 20 na zaidi. Basi usiongee umejikunja chini ya turubai. Ikiwa chombo kimetulia, simama huku umeshikwa na mwenzako, antena iwe wima kuelekea mbinguni, isilazwe kama fimbo ya mzee. Usipojibiwa, ngoja kidogo, urudie. Chombo kinasogea, na meli nazo zinasogea.

Tena mna nguvu mbili humo ndani. Redio nyingi za mkononi zina wati 1 na wati 5. Wa karibu mwite kwa wati 1, betri itakushukuru. Katika dhiki, weka 5. Na fahamuni kwamba kusikiliza kunakula betri kidogo, kuongea ndiko kunakoila sana. Hivyo usizime redio kwa ubahili wa betri, punguza maneno.

Kule kuzima redio kuna kisa chake kinachojulikana duniani. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912 meli ya Titanic ilipokuwa inazama, meli iitwayo Californian ilikuwa karibu yake kuliko nyingine zilizokuja kusaidia. Ilikuwa na mtu mmoja tu wa redio. Alikuwa amemaliza zamu yake ndefu, akazima mtambo, akalala. Wito ukapita juu ya kichwa chake. Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ndiyo iliyosikia, ikafika Titanic ishazama, ikaokoa watu zaidi ya 700 waliokuwa kwenye mashua, na wengine zaidi ya 1,400 walikuwa wameshakwenda. Baada ya hapo mataifa yakakaa, na mkataba wa mwaka 1914 ukaja na sharti la meli kusikiliza redio usiku na mchana. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alichoka. Kwa hiyo nanyi msimwachie mtu mmoja. Boti yenye nahodha mmoja ajuaye redio ni boti isiyo na redio siku nahodha akiumwa, au siku ambayo mikono yake miwili iko kwenye mashine. Wawe wawili au watatu wanaojua, na mmoja wao awe mwanamke, maana mara nyingi wao ndio wanaobaki wametulia sisi wanaume tunapopigiana kelele.

Namna ya kuita. Kuna neno Mayday, linatamkwa mei-dei. Asili yake ni Kifaransa, linatokana na maneno ya kuomba usaidiwe, na lilianza kutumika miaka ya 1920. Hilo ni la hatari ya roho tu: chombo kinazama, kinaungua, mtu amepotea majini. Kama mashine imezima lakini chombo ni kizima na watu ni wazima, kama sisi siku ile, wito wake ni Pan-pan, mara tatu, maana yake tuna shida ya haraka lakini hatufi sasa hivi. Mambo yakiharibika ndipo unapanda kwenye Mayday. Neno hilo litamshtua hata nahodha wa Kichina au wa Kigiriki asiyejua Kiswahili hata "karibu".

Bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo ndipo uanze, usije ukameza neno la kwanza. Redio iwe mbali kidogo na mdomo, upana wa vidole vitatu hivi, mgongo upe upepo. Sema polepole: "Mayday, Mayday, Mayday. Hii ni boti," jina lake mara tatu. Kisha "Mayday" tena na jina mara moja. Kisha mahali mlipo. Kisha kilichowapata. Kisha mnataka nini. Kisha mko wangapi, na wagonjwa au watoto wangapi. Kisha "ova", na hapo ndugu yangu, kwa ajili ya Mola, achia kitufe.

Hapo kwenye mahali ndipo wengi wanapokwama. "Tuko baharini" si mahali. Kama kuna mwenye simu, ile jipiesi ya simu inafanya kazi hata bila mtandao, kwa sababu inasoma satelaiti. Itakupa namba za majira, zisome tarakimu moja moja. Kama haipo, sema mlitoka wapi saa ngapi, mlikuwa mnaelekea wapi, na mnaona nini: Tumbatu iko upande gani, jua liko bega lipi. Wenye bahari yao watajua. Sema kwa Kiingereza ukiweza, kisha rudia kwa Kiswahili, kwa sababu atakayekufikia mwanzo mara nyingi si meli kubwa, ni mvuvi.

Na ukisikia Mayday ya mwenzako? Nyamaza. Usianze kuuliza "nani huyo?" Andika aliyoyasema, hata kwa mkaa juu ya ubao. Ngoja kidogo kama kuna kituo cha pwani au meli inamjibu. Kama hakuna anayemjibu, wewe ndiye uliyeteuliwa. Mjibu, na mpelekee wito wake kwa wengine kwa redio yako, kwa simu, kwa namba 112 ya polisi kama una mtandao. Kuipata sauti ya mtu anayezama na kuiacha ianguke ni jambo ambalo sijui tutalijibu vipi.

Utunzaji wake hauna maneno mengi. Chaji usiku wa kuamkia safari, na betri ya akiba nayo. Ifungwe kwa kamba kwenye mwili wa mtu au jaketi lake, si kwenye boti, maana boti ikipinduka itaondoka nayo. Ukirudi, isuuze chumvi kwa maji matamu, ikauke kabisa ndipo uichaji. Usiijaribu kwa kupiga makelele chaneli 16. Mwombe mwenye boti ya jirani mkajaribiane chaneli nyingine kabla hamjang'oa nanga. Tena inataka kibali. Masafa ya redio nchini yako chini ya TCRA, na usalama wa vyombo upo kwa TASAC huku Bara na ZMA kule Zanzibar. Msiinunue kichochoroni mkaja kuitumia shambani Segera kuitana na vibarua wa machungwa. Hiyo ni ya majini.

Wapo watakaosema redio haikuzuia misiba mikubwa. MV Bukoba, Mei 1996. MV Spice Islander, Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, watu wakiwa njiani kwenda Pemba. MV Skagit, Julai 2012, Ramadhani iko mlangoni. MV Nyerere, Septemba 2018, ufuko wa Ukara unaonekana. Ni kweli, redio haiinui chombo kilichojazwa kupita kiasi. Haizibi tundu, haipunguzi mawimbi, na wala si badala ya jaketi. Chombo kikijaa, shuka, hata kama nahodha ana redio kumi. Mimi sisemi redio ndiyo usalama. Nasema ni ile saa moja kati ya kupatwa na kufa, na katika saa hiyo jirani anaweza kufika kama amejua.

Sasa neno kwa viongozi wenzangu wa misikiti na kamati za ziara. Tunachangisha fedha za ng'ombe, mchele, jukwaa na spika za maulidi, na spika tunazichagua kwa makini, tunazijaribu "moja mbili tatu" tangu asubuhi. Kwa gharama ya pilau ya maulidi moja tu, kamati inaweza kununua redio yake na betri ya akiba, ikaiombea kibali, ikakaa ofisini ikingoja safari. Imamu anayeongoza watu 40 kuvuka maji ni mchunga wao, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatutaulizwa pilau ilikuwa na iliki kiasi gani.

Sisi tumeanza. Mwaka jana tulivuka tena, safari hii kwa chombo kikubwa zaidi na kutoka bandari inayotambulika, majaketi yakitosha kila mtu. Kabla ya kupanda tulisoma dua ya Nabii Nuhu (A.S.), kisha nikamwendea nahodha nikamwambia, "Nahodha, samahani, naomba uiwashe redio niisikie." Nilidhani atakasirika. Akaiwasha, ikalia, akaiweka 16 mbele yangu. Kisha binti mmoja wa madrasa yetu, yuko kidato cha pili, akaisogelea na kumwuliza kama betri ya akiba nayo imechajiwa. Nahodha akamtazama, akanitazama mimi, akasema, "Shekhe, huyu umemtoa wapi?" Betri ya akiba haikuwa na moto. Tukangoja saa moja na nusu pale bandarini ikichajiwa kwenye duka la jirani, watu wakinung'unika joto, na fundi simu wa Korogwe amekaa juu ya gunia akitafuna muhogo, hasemi kitu.

Wenye elimu ya bahari kuliko mimi, nirekebisheni nilipokosea, nitawashukuru.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.